Vinukta Vitatu Mwishoni mwa Sentensi

Kila Jumatano, vipindi vya mchana vilipokwisha, wanafunzi wa Gredi ya Saba waliojiunga na Chama cha Kamusi Elezo walibaki shuleni pale Barani, mjini Malindi, wakati wenzao walipokwenda zao nyumbani. Walikaa katika chumba cha kompyuta, chumba chenye madirisha yasiyofunguka sawasawa na joto la kumtoa mtu jasho akiwa amekaa tu, kila mmoja na kishikwambi chake. Kazi yao haikuwa mchezo. Kamusi elezo ile ya mtandaoni, inayoandikwa kwa Kiswahili na watu wa kujitolea, ilikuwa na makala nyingi zenye alama ndogo nyekundu isemayo: "Chanzo kinahitajika." Maana yake ni kwamba mtu fulani aliandika jambo, lakini hakuonyesha alikolitoa. Wanafunzi walitakiwa kutafuta mtandaoni kitabu, gazeti au ripoti inayothibitisha jambo hilo, kisha waweke kiungo chake kama marejeo.

"Ukipata chanzo, kifungue, usome aya nzima, ndipo uandike," Mwalimu Lewa, mlezi wa chama, aliwaambia kila wiki mpaka wakachoka kumsikia. "Usipopata, futa sentensi. Sentensi isiyo na mwenyewe haina haki ya kukaa pale."

Nyokabi aliijua kanuni hiyo kwa moyo. Alikuwa msichana mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa ulimi. Wazazi wake walitoka Murang'a, wakaja Malindi kuuza vifaa vya ujenzi, na yeye akazaliwa hapa hapa. Lakini muhula ule Nyokabi alikuwa na jambo moja tu kichwani. Mwanafunzi atakayeondoa alama nyekundu nyingi kuliko wenzake angeiwakilisha shule katika mashindano ya Kilifi, na kijana mmoja aitwaye Marvin alikuwa akimfuata kisigino kwa kisigino.

Basi Nyokabi akabuni njia ya mkato. Aliinakili sentensi yenye alama, akaibandika kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza. Matokeo yalipotokea, hakuyafungua. Aliangalia tu yale maneno machache yanayoonyeshwa chini ya kila kiungo. Akiona maneno yake yamekolezwa wino, basi, kazi imekwisha! Anachukua kiungo, anakiweka, alama nyekundu inatoweka, anahamia sentensi nyingine. Marvin alikuwa bado anasoma aya ya kwanza.

Jumatano hiyo alipewa makala ya muhogo. Katikati ya makala kulikuwa na sentensi moja iliyoandikwa na mtu asiyejulikana: "Muhogo mchungu ukimenywa na kulowekwa usiku mmoja huwa salama kuliwa." Ilikuwa na alama nyekundu ya muda mrefu. Kama hakuna ambaye angeipatia chanzo, ingefutwa Jumamosi.

Nyokabi aliitafuta. Mtandao ulijikokota, kisha ukaleta tokeo moja, kijitabu cha wataalamu wa kilimo. Chini ya jina la kijitabu palionekana maneno yaliyokolezwa: "...muhogo mchungu ukimenywa na kulowekwa usiku mmoja huwa salama kuliwa..."

Neno kwa neno! Nyokabi nusura apige kelele. Mwishoni mwa maneno yale kulikuwa na vinukta vitatu, na vinukta hivyo vilimaanisha kwamba maelezo yanaendelea ndani. Mwanzoni mwake pia vilikuwepo vingine vitatu. Nyokabi aliviona vyote. Hakuvijali. Aliweka kiungo, na mahali pa ile alama nyekundu pakatokea tarakimu ndogo ya buluu, ishara kwamba sentensi sasa ina ushahidi.

"Umeshamaliza?" akauliza Nelly, rafiki yake aliyeketi kando.

"Mimi tena! Wewe endelea kulala hapo."

Nelly akacheka. Loo, laiti angejua ni kitu gani kilikuwa kimefanyika dakika ile mbele ya macho yake, asingecheka hata kidogo. Sentensi iliyokuwa inangoja kufutwa ilikuwa imepewa uhai.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimekataa kabisa. Jua liliwaka kuanzia asubuhi, na upepo uliokuja ulikuwa wa vumbi. Mueni, mama yake Nelly, alikuwa akikaanga mihogo kando ya barabara, akiiuza na pilipili ya ukwaju. Mihogo mitamu ilikuwa imeadimika sokoni. Siku tatu mfululizo karai lake lilikaa limefunikwa, na majirani zake wa mtaa wa Kisumu Ndogo wakaanza kumuuliza kama amehamia kwao Kitui.

Ijumaa jioni, Nyokabi alipokwenda kwa akina Nelly kufanya kazi ya ziada ya hesabu, alikuta gunia zima la mihogo mlangoni.

"Shikamoo, Mama Nelly."

"Marahaba, mwanangu. Njoo, njoo. Nyinyi ndio wasomi, mtanisaidia." Mueni alikuwa amechuchumaa mbele ya gunia, muhogo mmoja mkononi. "Huyu mzee Chengo kaniletea mihogo kutoka shambani kwake. Lakini amenishangaza. Anasema: 'Mama, huu ni mchungu, ni wa kukausha, wa unga.' Nikataka kumuuliza zaidi, akasema gari linamwacha, akaenda zake. Sasa uchungu si ladha tu? Kwetu Kitui muhogo tunautafuna mbichi tukitoka shamba, na hakuna aliyewahi kuumwa."

"Hata Murang'a," alisema Nyokabi. Ndivyo alivyosikia kwa bibi yake.

"Ngojeni!" Nelly alidakia, akachukua simu ya mama yake. "Mama, haya mambo yameandikwa. Nyokabi mwenyewe aliyafanyia kazi Jumatano." Akafungua ile makala, akamsogezea mama yake. "Soma hapa."

Mueni alisoma taratibu, midomo ikicheza. "Ukimenywa... na kulowekwa usiku mmoja... huwa salama kuliwa. Aa! Kumbe ni kuloweka tu. Na hiki kinamba cha buluu ni cha nini?"

"Ni cha chanzo, Mama. Maana yake wataalamu wamesema. Hakuna kubahatisha hapo."

Mueni alimgeukia Nyokabi, akamtazama usoni. "Ni kweli, mwanangu? Una hakika?"

Hapo ndipo mambo yangeweza kusimamishwa. Neno moja tu lingetosha. Nyokabi alikumbuka wazi kwamba kijitabu kile hakukifungua. Hakujua kimeandikwa nini juu, wala kimeandikwa nini chini. Lakini Nelly alikuwa akimtazama kwa fahari, na Nyokabi akaona haya. Akisema sijui, Nelly atamwuliza kwa nini. Akieleza kwa nini, Jumatatu shule nzima itajua jinsi anavyoondoa zile alama nyekundu.

"Ndiyo, Mama Nelly," alisema. "Nina hakika."

"Mungu awabariki," alisema Mueni, akachukua kisu na kuanza kumenya.

Nyokabi hakukaa sana. Alipokuwa akiondoka alimwona Mueni akiitumbukiza mihogo katika beseni kubwa la maji, kipande baada ya kipande, akiimba wimbo wa kanisani. Mihogo ilionekana mizuri, myeupe, haina doa. Nyokabi alitembea haraka, ingawa hakuna aliyekuwa akimkimbiza.

Jumamosi asubuhi Chama cha Kamusi Elezo kilikutana kwa mara ya mwisho kabla ya kuteua wa kwenda Kilifi. Nyokabi alikuja mapema. Akaweka mkoba wake kwenye kiti cha jirani ili kumshikia Nelly nafasi. Wanafunzi wakajaa, Mwalimu Lewa akaingia, mlango ukafungwa. Mkoba ulikuwa bado pale pale kitini.

"Nelly yuko wapi?" akauliza mwalimu.

Hakuna aliyejua. Nyokabi akajiambia kwamba Nelly anamsaidia mama yake. Akajiambia tena. Mara ya tatu hakujiamini.

"Leo sihesabu alama zilizoondolewa," Mwalimu Lewa alisema. "Leo kila mtu atafungua chanzo chake kimoja, atusomee aya kamili mbele ya wenzake. Nyokabi, wewe unaongoza, kwa hiyo utaanza. Nifungulie kile cha muhogo mchungu. Mimi ni Mgiriama, nimekua nikila sima ya muhogo, na nataka kusikia huyo mtaalamu amesema nini."

Nyokabi alibonyeza kiungo. Duara dogo likaanza kuzunguka katikati ya kioo. Likazunguka, likazunguka. Kisha ukurasa ukafunguka, akaitafuta ile sentensi, akaanza kusoma kwa sauti yake ya kila siku.

"Katika miaka ya njaa, watu wasioujua zao hili hudanganyana kwamba muhogo mchungu ukimenywa na kulowekwa usiku mmoja huwa salama kuliwa..."

Sauti ikakatika.

"Endelea," alisema mwalimu.

"...lakini huo ni uongo uliokwisha kuua watu." Nyokabi alikuwa akinong'ona sasa. "Muhogo mchungu una sumu kali. Ni lazima ulowekwe siku kadhaa mpaka ulainike, uanikwe juani ukauke kabisa, ndipo usagwe na kupikwa. Anayeula bila kutayarishwa hivyo huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kisha hutapika na kuishiwa nguvu. Apelekwe hospitali mara moja."

Marvin, aliyekuwa akingoja kwa hamu siku Nyokabi atakapoteleza, alitazama chini.

"Nyokabi," Mwalimu Lewa alisema polepole, "hiki ndicho ulichokiweka kuwa ushahidi?"

Lakini Nyokabi alikuwa ameshasimama. Alikuwa akikitazama kiti chenye mkoba wake. "Mwalimu, mama yake Nelly anakaanga hiyo mihogo leo! Aliloweka jana jioni. Mimi ndiye niliyemwambia ni salama!"

Mwalimu hakuuliza la pili. Akatoa simu, akampigia Mueni. Simu ililia mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikalia mpaka ikakata. "Marvin, baki na wenzako," alisema, akamshika Nyokabi mkono, wakatoka mbio.

Kutoka shuleni mpaka kwenye kibanda cha Mueni si mbali, lakini siku hiyo njia ilikataa kwisha. Nyokabi alikimbia viatu vikimchapa visigino, vumbi likimwingia mdomoni, na kila hatua aliona lile beseni la maji na vile vipande vyeupe. Harufu ya mafuta ya moto iliwapokea kabla hawajakiona kibanda. Karai lilikuwa limefunuliwa. Watu walikuwa wamepanga mstari, kwa furaha ya kuona mihogo imerudi. Mbele ya mstari alisimama Peterson, dereva wa tuktuk, karatasi ya mihogo mkononi, shavu moja limejaa muhogo.

"Tema!" Nyokabi alipiga ukelele. "Iteme, Kaka Peterson! Msile! Ina sumu!"

Peterson alitoa macho, akatema hapo hapo. Watu wakarudi nyuma. Mueni alisimama na kijiko cha kuepulia mkononi, uso wake umekunjamana kwa hasira.

"Wewe mtoto una wazimu? Siku zote hizi nimekaa bila kuuza, leo nimefungua, unakuja kunitangazia sumu mbele ya wateja! Si wewe jana ulisema una hakika?"

"Nilisema uongo, Mama Nelly." Machozi yalimtoka. "Sikusoma. Sikukifungua kile kitabu. Leo nimekifungua, kinasema inaua. Nelly yuko wapi?"

Kijiko kikaanguka ndani ya karai, mafuta yakaruka. "Nelly..." Mueni alishika kichwa. "Nelly yuko ndani. Mimi leo nimefunga kwa maombi, sijaonja. Alionja yeye. Nilimpa sahani ya kwanza asubuhi. Akasema kichwa kinamgonga, nikamwambia ni njaa. Nikamwongeza nyingine."

Hawakungoja amalize. Nyumba ilikuwa nyuma ya kibanda, mlango umerudishwa tu. Ndani mlikuwa na giza la pazia, na harufu ya matapishi. Nelly alilala chini kando ya kitanda, amevaa sare yake ya shule, tayari kwenda kwenye chama. Alikuwa akipumua kwa shida. Sahani ya pili ilikuwa juu ya kitanda, imeliwa nusu.

"Nelly! Nelly!" Nyokabi alimtikisa bega. Nelly alifumbua macho, akamtazama kama asiyemjua, akayafumba tena.

Mwalimu Lewa alimbeba mikononi. Peterson alikuwa ameshawasha tuktuk. Mueni alipanda bila kiatu kimoja, akamlaza mwanawe mapajani, akawa anaita, "Mwanangu, usilale. Mwanangu, nitazame." Nyokabi alibanwa pembeni, kishikwambi bado kiko kifuani mwake, hata hakukumbuka kukiacha. Peterson alipiga honi njia nzima kama mwendawazimu.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja, naye Nyokabi ndiye aliyekuwa na jibu. Amekula nini? Muhogo mchungu, uliolowekwa usiku mmoja, sahani moja na nusu, asubuhi hii. Akamwonyesha daktari ule ukurasa. Daktari alisoma haraka, akaita wauguzi, Nelly akasukumwa ndani ya mlango wenye pazia la kijani. Mlango ukafungwa.

Hapo walikaa. Peterson naye alipimwa, akaonekana hana neno kwa kuwa alitema. Mwalimu Lewa aliwapigia simu majirani, wakamwaga mihogo yote, ile ya karaini na ile ya gunia, katika shimo na kuifukia watoto wasije wakaiokota. Mueni aliketi kwenye benchi akitikisa mguu wake usio na kiatu, na kila mlango ulipolia aliinuka nusu, akaketi tena. Nyokabi alitamani Mueni amtukane. Alitamani hata ampige kofi.

Mwishowe daktari alitoka, akivua glavu. "Atapona," alisema. "Tumempa hewa ya oksijeni na dawa ya kupunguza nguvu ya sumu. Lakini nisiwafiche, angelala pale nyumbani mpaka mchana, leo tungezungumza maneno mengine."

Mueni alipiga magoti pale pale sakafuni, akalia kwa sauti.

Jioni ile, nyumbani, Nyokabi aliifuta ile sentensi. Akaandika nyingine, yenye maonyo yote kama yalivyo katika kijitabu. Kisha, kwa kuwa hofu haikumtoka, akaitafuta ile ya kwanza mtandaoni kuona kama imekwisha kabisa. Haikuwa imekwisha. Tovuti mbili za mapishi zilikuwa zimeinakili kutoka kwenye kamusi elezo, pamoja na ile tarakimu yake ndogo. Nyokabi alijisikia baridi mwilini, na nje kulikuwa na joto. Mtu fulani, mahali fulani, na beseni lake la maji, huenda alikuwa akiisoma wakati ule ule. Akawaandikia wenye tovuti, akawasihi waiondoe. Mmoja akajibu na kuiondoa. Mwingine mpaka leo hajajibu, na kila Jumatano Nyokabi humwandikia tena.

Jumatatu, mbele ya chama kizima, alieleza alivyokuwa akifanya tangu mwanzo wa muhula, akaomba vyanzo vyake vyote vikaguliwe upya. Wenzake waligawana kazi hiyo, wakakuta vingine sawa, vingine havihusiani kabisa na makala. Marvin ndiye aliyekwenda Kilifi.

Nelly aliporuhusiwa kutoka hospitalini, Nyokabi alikwenda kumwona akiwa na Mwalimu Lewa. Nelly alikuwa ameegemea mto, amekonda uso, lakini alimsogezea rafiki yake nafasi kitandani. Nyokabi hakuketi. Alisimama mbele ya Mueni, akamwambia mambo yote, hata yale ambayo hakuna aliyemuuliza. Kwamba sentensi ile ingefutwa Jumamosi. Kwamba yeye ndiye aliyeiokoa. Kwamba alipoulizwa aliona haya kusema hajui.

Mueni alikuwa akikunja nguo. Alikunja kanga nzima mpaka mwisho, akaiweka chini, ndipo akasema.

"Nyokabi, mimi kile kinamba cha buluu sikukielewa, na hata leo sikielewi. Yule aliyeandika ile makala simjui, wala huyo aliyeandika kitabu. Unakumbuka nilipokuuliza kama ni kweli? Nilikuwa sitazami simu. Nilikuwa nakutazama wewe. Wewe ndiwe uliyekuwa chanzo changu."

Nyokabi aliinamisha kichwa, machozi yakadondoka sakafuni.

"Basi sikia, nawe Nelly usikie pia, maana nawe ulinithibitishia kitu usichokisoma," Mueni aliendelea, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Mtu akikuuliza kama una hakika, na huna, mwambie sijui. Ningeudhika kidogo, basi. Ningekaanga viazi siku ile, na mwanangu angekwenda shuleni kuketi karibu yako. Kusoma nusu halafu kuwahakikishia watu ni kuwadanganya, hata kama hukukusudia. Mwalimu, nimekosea?"

"Hukukosea, Mama Nelly," alisema Mwalimu Lewa. "Mimi nimewaambia jambo hilo kila wiki, lakini sikuwahi kuwaambia kwamba kuna mtu upande wa pili anayekwenda kula walichoandika."

Mueni alimvuta Nyokabi mkono, akamketisha kitandani kando ya Nelly. Kisha akaenda jikoni kuwapikia uji.